Ukimlea wewe ni kazi

Niliandika siku ile tulipomchukua Chapo, yule mtoto wa tumbili, kule Kawangware, Nairobi, lakini sikuandika yote. Niliwasimulia manyunyu ya asubuhi, kreti iliyogoma kufunga, na yule jirani aliyepiga ripoti halafu akajifungia ndani tulipofika. Maneno ya mzee aliyekuwa anamlea niliyaacha. Nilidhani yatapita kama maneno mengine tunayorushiwa kwenye kazi hii ya kuokoa wanyama wa porini, maana yapo ya kila aina. Hayajapita. Leo nilikuwa naosha chupa za maziwa, mwenzangu wa zamu akaingia akaniuliza, "Wewe, unagombana na nani?" Kumbe nilikuwa nasema kwa sauti.

Basi wacha niyaweke hapa, pengine nitalala.

Yule mzee ni fundi wa nguo. Kibanda cha mabati, cherehani imetazama barabara, sare za shule zimening'inia juu ya kichwa chake. Chapo alikuwa amelala kwenye mfuko wa vipande vya vitambaa uliofungwa kwenye mguu wa meza, karibu kabisa na pedali. Maafisa wa wanyamapori walizungumza naye vizuri, hilo niseme. Hawakumfokea, hawakumtisha na kesi. Walimweleza kwamba mnyama wa porini hafugwi bila kibali, na kwamba tumemjia tumbili tu, si yeye. Akasikiliza mpaka mwisho, pini mbili zimebanwa midomoni. Kisha akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto cha pini kilichofungwa kifundoni mwa mkono. Hakuwajibu wao. Alinigeukia mimi, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyevaa glavu na kushika taulo.

"Madam," akasema, "ukimlea wewe ni kazi. Nikimlea mimi ni kosa. Tofauti ni nini?"

Nikamwambia, "Ni sheria, mzee."

"Sheria ilikuwa wapi siku ile pale Southern Bypass?"

Hapo sikuwa na la kusema. Akainama, akamtoa Chapo mfukoni kwa mikono miwili, akanikabidhi mwenyewe.

Habari za Southern Bypass alikuwa ameshawaeleza maafisa. Alikuwa anatoka Karen kupeleka mapazia ya mteja, yuko juu ya bodaboda, na pale barabara inapokata Msitu wa Ngong Road wakakuta tumbili jike amegongwa, amelala ukingoni, mtoto amemng'ang'ania tumboni. Magari yanapita. Alisema mtoto alikuwa mweusi, uso wa waridi, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini, kwa sababu mtu anayebuni hadithi hawezi kulijua. Mtoto wa tumbili huzaliwa na manyoya meusi na uso mwekundumwekundu, rangi ya majivu huja baadaye miezi ikisogea. Tulipomchukua alikuwa ameshageuka. Kwa hiyo yule mzee alikuwa amemvusha ile miezi migumu kabisa, ambayo hata sisi wenye mizani na dawa hupoteza watoto.

Kwa chai ya maziwa. Na chapati iliyolowekwa, ndiyo maana ya jina.

Tangu hapo nimemjibu mara nyingi mno, kwenye matatu, bafuni, kwenye foleni ya tokeni za stima. Jibu la kwanza ni la magonjwa. Namwambia: mzee, tumbili na sisi tunaambukizana, kifua kikuu kinaweza kutoka kwako kikaenda kwake, naye akikuuma wasiwasi unakuwa kichaa cha mbwa. Ni jibu la kweli, na ndiyo sababu Chapo alipofika aliwekwa karantini na kupimwa kwanza. Lakini nikimaliza tu namsikia: "Na wewe je, huna kifua?" Jibu la pili ni la meno. Tumbili dume akikomaa ana chonge za kupasua mkono wa mtu mzima, na siku ya kuuma haangalii nani alimpa chai. Mtoto wa jirani angeumia, mzee angekimbizana na hospitali, na Chapo angepigwa marungu. Ni kweli pia. Ila hapo ananitazama tu na zile pini zake, kwa sababu yeye hakuniuliza habari za mwaka ujao. Aliniuliza tofauti.

Sheria yenyewe naijua. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imo kwenye faili letu, kurasa zimekunjika masikio. Naiunga mkono. Bila hiyo kila ploti ya Nairobi ingekuwa na tumbili kwenye kamba na kasuku kwenye tundu, na kwa kila mtoto anayeuzwa kuna mama aliyeuawa ili achukuliwe. Huyu wa Kawangware hakuua mama wa mtu wala hakununua, ila mtu akimtazama tumbili aliye mkononi hawezi kujua alifikaje pale. Sheria haina namna ya kupima moyo wa fundi. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nikairudisha. Inanifariji kidogo, lakini si jibu la kumpa mtu uso kwa uso huku umembebea mtoto wake kwenye taulo.

Kilichotia chumvi kidondani ni yaliyotokea karantini. Chapo aligoma kunyonya. Tulibadilisha chuchu ya chupa, tukabadilisha joto la maziwa, tukampa mdoli wa manyoya akumbatie kama tunavyofanya kwa wote. Wapi. Akawa anakaa kona, amejikunja, mkia umezunguka miguu. Namba ya fundi ilikuwa kwenye fomu, nikampigia nikiwa nimejiandaa kutukanwa.

Hakunitukana. Aliuliza, "Anaitwaje huko?"

"Chapo," nikamwambia. Kwenye daftari yuko kwa namba, ila hiyo sikumtajia.

"Aa. Basi sikiliza. Huyo hanyonyi kimya. Hunyonya nikishona."

Jioni ikaja sauti ya WhatsApp. Cherehani tu, traka-traka-traka, inasimama, inaanza tena, na nyuma yake kasauti ka mtoto kanauliza, "Ni ya Chapo?" Nikaiweka simu juu ya blanketi nje ya wavu, nikaminya. Chapo akainua kichwa, masikio mbele. Akaja. Akashika chupa kwa mikono yote miwili na mguu mmoja, akavuta maziwa mpaka ikasikika hewa.

Mnielewe. Mimi ndiye ninayewaambia wanaojitolea wasiongee na wanyama, wasiwape majina, wasiwachekee. Kazi yetu ni mnyama atusahau. Na hapo ndipo ninapochezesha muziki wa Kawangware kwenye karantini. Tuliipunguza sauti siku hadi siku mpaka akanyonya bila hiyo, inavyotakiwa. Ila faili lenyewe bado liko kwenye simu yangu.

Wiki hii kumekuwa na mengine, msidhani nimekaa na tumbili mmoja tu: dada yangu aliposwa Jumamosi na wazee wakaelewana kuhusu mahari kabla nyama haijaiva, na yule daktari wetu mnayemjua ameaga rasmi, anaenda Diani, kule wanakofunga madaraja ya kamba juu ya barabara ili mbega na wenzao wavuke bila kukanyagwa na magari. Nitayaandika siku nyingine. Au sitaandika.

Jumanne tulimhamishia Chapo kwa Shosho.

Wageni, Shosho ni tumbili jike mzee aliyepoteza mkono wa kushoto kwenye nyaya za umeme. Hawezi kurudi msituni, ila amelea watoto wa wenzake wengi kuliko tulivyotarajia. Tumbili majike ndivyo walivyo, hata porini hupokezana kubeba watoto wasio wao. Mwanzo tuliwaweka jirani, wavu katikati, waone na wanuse. Shosho alijifanya hana habari. Alikaa ametupa mgongo, anatafuna hindi. Chapo alikuwa anaita kwa kile kilio chembamba, na kila akiita mgongo wa Shosho unasogea wavuni kidogo, bila kugeuka, hindi mkononi. Jumanne tukafungua kijilango. Alimvuta Chapo kwa mguu, akampindua, akaanza kumchambua manyoya ya tumbo kwa ule mkono mmoja, harakaharaka, kana kwamba amechelewa kazini. Nililia. Sawa, nimesema. Mwenzangu alijifanya anatafuta funguo.

Halafu Alhamisi likatokea lile lililonifanya nianze kuandika leo.

Nilikuwa nje nikiandika chati. Kijindege kimoja kikatoka uwanja wa ndege wa Wilson, vile vidogo vinavyopita Lang'ata kutwa nzima mpaka hatuvisikii tena. Chapo akatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kutoka kwake, mfupi, mzito, unaokwaruza, huku macho yako juu. Ukauma tumbo langu kwa sababu naujua. Tumbili wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka, kila mmoja na lake, na wenzao wakisikia hujua la kufanya: chui, panda mti, tai, tazama juu ukimbilie kichakani, nyoka, simama wima uchungulie nyasini. Si hadithi za watalii. Watafiti Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walianza kuwachunguza tumbili wa Amboseli, hapa hapa Kenya, mwaka 1977, wakarekodi milio hiyo na kuwachezea tena kwa spika zilizofichwa, na tumbili wakafanya vilevile pasipo chui wala tai.

Mtoto huzaliwa na mwanzo wa hilo jambo, lakini hana kipimo. Ataita tai akiona njiwa. Ataita tai akiona jani linaanguka. Wakubwa hutazama juu, wakiona hakuna kitu wanaendelea na shughuli zao, na hivyo polepole mtoto anajua jani ni jani.

Shosho alitazama juu. Akaiona ndege ya Wilson. Akarudi kwenye hindi lake.

Chapo akaita tena. Shosho hakuinua hata jicho. Chapo akakaa, akaitazama ile ndege ikipinda kuelekea upande wa mbuga, akamtazama Shosho, akaitazama ndege. Nikacheka mpaka chati ikaanguka matopeni. Furaha niliyokuwa nayo sijui niiiteje, nilikuwa nataka kumwambia mtu, na mtu niliyetaka kumwambia alikuwa mmoja.

Nikamtumia fundi sauti, ndefu, nimechangamka, nimemweleza tai na chui na Wilson na Shosho. Nadhani nilikuwa nimepata jibu langu na nilitaka alisikie: mzee, tofauti si mimi na wewe, hata mimi siwezi kumfundisha hili, tofauti ni Shosho. Hiyo sehemu niliisema vizuri kweli. Nimeisikiliza tena, nimeisema vizuri.

Akajibu usiku, baada ya kufunga kibanda. Cherehani haikusikika safari hii.

"Ule mlio naujua, madam. Hata huku alikuwa anaupiga. Mwewe wakipita, karatasi ikipeperuka, hata mteja akikunjua shuka. Nilikuwa namwambia nyamaza, unanishtulia wateja." Kukawa na kimya, pikipiki ikapita. "Sikujua alikuwa ananiambia kitu."

Sijamjibu. Nimeandika maneno nikafuta. Nilikuwa na ushindi wangu mkononi na sasa sioni wa kumshinda. Mzee alimwokota barabarani akampa chai na mfuko wa vitambaa, na muda wote ule mtoto alikuwa anamwonya kuhusu tai aliokuwa anawaona juu ya Kawangware. Ningekuwa mimi mwenye kile kibanda, bila vitabu vya Amboseli, ningemwambia nyamaza vilevile.

Kuna siku kundi la watoto wanaolelewa na Shosho litarudishwa msituni wakikomaa, maana tumbili hatolewi peke yake, hutolewa kundi, la sivyo atatafuta watu tena. Mkuu wetu amesema hataki wageni siku hizo. Nimemuuliza kama fundi wa nguo ni mgeni. Amesema nijaze fomu. Nitajaza. Kama Chapo atamwona na kumkimbilia itakuwa hasara ya kazi yote, najua, msiniandikie. Asimame mbali, nyuma ya gari, hiyo ndiyo niliyoiomba.

Jambo jingine kabisa. Leo nimerudi nikakuta mafundi wa rangi wamefika kwenye ploti yetu. Ngazi ziko koridoni, ghorofa ya chini yote imeshapigwa ile krimu na kahawia. Mnaoishi Nairobi mnajua maana yake: nyumba haipakwi rangi bure, kodi inakuja. Mwenye nyumba hajasema neno. Nilimuuliza mlinzi, akacheka, akaniuliza kama napenda rangi. Mkataba wangu kituoni unaisha mwezi Juni na sijaambiwa kama utarudiwa. Kwa hiyo kama kuna mtu anajua chumba upande wa Rongai, chenye maji ya uhakika na kisicho mbali na steji, aniambie kabla hawajafika ghorofa ya tatu.