Imekaa, wewe choma

"Dada, bakingi imekaa?"

"Imekaa, wewe choma."

Basi, hayo tu. Aliyeuliza ni kijana mmoja wa Muheza, wa viatu vya kuazima, aliyekuwa kwenye mtihani wa kuchomelea. Aliyejibu ni mimi, nimeinama na grainda mkononi, hata miwani sikuinua. Tangu Jumatano nayasikia kwenye daladala ya Pongwe, nayasikia nikiosha vyombo. Wiki hii wifi kajifungua mapacha, na ile hati ya kiwanja niliyoihangaikia tangu Machi imetoka, lakini mimi bado niko pale pale kwenye "imekaa".

Haikukaa.

Siku za mtihani wachomeleaji wanachoma, mimi nawafungia pleti. Za safari hii ni za milimita 10, kila moja ubavu umechongwa nyuzi 22 na nusu, zikikabiliana zinatoa V ya nyuzi 45. Chini ya V unaacha nafasi ya milimita 6, na mgongoni unapiga taki, yaani unashikiza kwa vidonge vidogo vya kuchomelea, ile bakingi: kipande cha flatiba (chuma bapa) cha kupokea chuma kilichoyeyuka. Kinatakiwa kiguse pleti zote mbili pale pale ukingoni mwa V. Kanuni za AWS D1.1, zile za Marekani za kuchomelea vyuma, zinavumilia mwanya usiozidi milimita 2, ila kwenye mkao wa 3G, unapopanda wima, ganda la rodi, ile takataka inayobaki rodi ikiyeyuka, halihitaji nafasi kubwa hivyo kupata pa kujificha.

Na mimi nilijitia ujanja. Chuma kikipoa huvuta pleti kuelekea upande uliochomwa, kwa hiyo nazipa mgongo kidogo kabla, kama nyuzi 3 kila upande, mfano wa paa la nyumba, ili zikivutwa zinyooke. Hapo sina kosa. Kosa ni kwamba nilitangulia kulisimamisha paa, ndipo nikaibandika bakingi chini yake. Tena bakingi pana, ya milimita 75, ile ya pleti zinazokwenda eksirei nayo ikiwa mgongoni, wakati sisi tunaiondoa na 25 ingetosha. Za 25 zilikuwa zimeisha na sikutaka kwenda stoo.

Sasa chukua rula uiweke chini ya paa. Inagusa pembeni, katikati imeachia. Mimi naangalia kwa nyuma naona pembe zimebana, taki zimeshika, safi kabisa. Mwanya wa karibu milimita 2 umelala ndani, penye mzizi, chini kabisa ya V, na wa kuuona ni yule tu anayechungulia kupitia kwenye V.

Na aliyekuwa anachungulia kwenye V ni nani?

Hapo ndipo usingizi unaponiruka. Nilidhani anauliza kama wanavyouliza wageni, kutafuta kutulizwa. Kumbe mwenzangu kaona. Fundi mzee angesema "hii haijakaa" akaweka rodi chini. Yeye kaigeuza swali kwa sababu mimi ni dada yake mkubwa kazini, na nikamjibu kama ninayemfukuza kuku.

Halafu kuna hili, ambalo sikumwambia hata Bi Mkubwa. Bakingi niliiparua mimi mwenyewe kwa grainda kabla ya vipande vya pleti kukunjwa, maana ndivyo mtihani unavyopimwa. Nikaona mstari mweusi, mwembamba kama unywele, umefuata mzizi. Nikaupitisha jiwe tena. Haukutoka. Nikanyamaza, nikampelekea mkaguzi vipande.

Cha uso, kinachokunjwa upande wa juu wa V ukiwa nje, kilikunjika vizuri. Cha mzizi, kinachokunjwa kinyume chake, kilipofika nusu kikafunguka mdomo. Mkaguzi akapima milimita 5, na mwisho unaoruhusiwa ni 3. Hakupandisha sauti, aliandika tu. Kijana alikiangalia kile kipande, akakigeuza, akakirudisha mezani taratibu. Mimi hakuniangalia. Heri angeniangalia.

Alhamisi asubuhi nikamfuata mkaguzi nikamwambia kosa ni la aliyefunga, na nikamweleza habari ya ule mstari. Akasema mchomeleaji naye ana haki ya kuikataa pleti. Ni kweli. Lakini ataikataaje na mimi nimeshamwambia "wewe choma"? Matokeo yakabaki yalivyo. Akitaka kurudia papo hapo ni pleti mbili, siyo moja, ndivyo kanuni inavyosema. Milimita zangu 2 zimemzalishia mwenzangu pleti ya pili.

Jumamosi yadi ilikuwa tupu, kusi linavuma, mabati yanapiga kelele. Nikamkuta kijana amewahi. Nikamwambia leo tunafunga wote. Tukang'arisha migongo ya pleti mpaka lile gamba jeusi la kiwandani likaisha, tukakwangua na vinyweleo vilivyoachwa na mkasi wa chuma kwenye flatiba. Nikaibana flatiba ya 40 kwenye jiliwa nikaipiga nyundo katikati, ikapata mkunjo mdogo mdogo, nayo ikawa paa. Paa chini ya paa. Klampu mbili, taki kwa nyuma, hakuna hata tone ndani ya V. Bakingi tumeiacha itokeze ncha zote mbili, ili rodi ianzie na kuishia nje ya pleti.

Kisha kijana akatoa mfukoni kipande cha bledi ya msumeno, akajaribu kukichomeka chini ya ukingo. Juu, hakiingii. Katikati, hakiingii. Akashuka mpaka chini, polepole, mimi nimeshika kiuno kama ninayesubiri majibu ya hospitali. Hakiingii. Akagonga bakingi kwa nyundo, ikalia kitu kimoja na pleti.

"Kijana," nikamuuliza, "bakingi imekaa?"

Akainama akachungulia tena, makusudi, muda mrefu, mpaka nikaanza kukereka. "Imekaa, Dada. Wewe choma."

Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Alipotoa rodi kwenye oveni nilikaa nyuma yake na maski, na mstari wa kwanza ulivyopanda, nikiwaambia mtasema natia chumvi. Vipande vinakunjwa Jumanne.

Nilitaka kulala mapema leo. Lakini Bi Mkubwa kanipigia mara mbili, saa tatu na saa tatu na nusu, na kila mara imekatika kabla sijapokea. Nikipiga mimi anasema alibonyeza kwa bahati mbaya. Bi Mkubwa hajui kubonyeza. Siku zote mjukuu wake ndiye anayempigia, na mjukuu yuko kwa mapacha tangu Ijumaa.