Barafu ya Dunga

Kichupa kilipotufikia Kisumu kilionekana kitupu. Kilikuwa kifupi kuliko kidole changu cha mwisho, na karatasi iliyoandamana nacho ilisema ndani mna mikrogramu 10 za TNF ya panya, protini ya kinga ya mwili. Nilikiinua dirishani, nikakizungusha, nisione hata vumbi. Mwenzangu, ambaye ndiye aliyehangaika na makaratasi ya forodha hadi kifurushi kikatoka uwanja wa ndege Nairobi, alinitazama kama mtu anayejiuliza kama tumeibiwa.

Hatukuwa tumeibiwa. Mikrogramu 10 ni sehemu moja ya laki moja ya gramu. Protini kiasi hicho ikigandishwa na kukaushwa hubaki utando mwembamba tu ndani ya kichupa, na jicho haliuoni. Ndiyo maana kichupa huzungushwa kwanza kwenye sentrifuji kabla ya kufunguliwa, ili kilichonata kwenye kizibo kishuke chini. Na ndiyo maana bei yake huwatisha watu. Hununui uzito. Unanunua kazi ya kuchukua jeni la panya, kulipandikiza ndani ya bakteria E. coli, kuwaacha bakteria waitengeneze protini, kisha kuisafisha hadi isibaki sumu ya bakteria wenyewe. Sumu hiyo ikibaki, hata kidogo, seli zitaitikia sumu, nawe utadhani zimeitikia TNF.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, mwaka 2013. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, na swali langu lilikuwa malaria inayopanda kichwani. Sikulichagua kutoka vitabuni. Mdogo wangu aliugua hivyo nyumbani kwetu Kakamega tukiwa wadogo. Alitetemeka usiku kucha, majirani wakasema ni degedege, watu wakakimbizana, na asubuhi akapelekwa hospitali hajitambui. Aliishi. Lakini mkono wake wa kushoto haujawahi kushika kikombe sawasawa tangu siku hiyo, na hadi leo nikimwona akijitahidi kufunga kifungo cha shati najua kwa nini nilisomea nilichosomea.

TNF ni saitokini, mojawapo ya protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari. Jina hilo ilipewa mwaka 1975 na watafiti wa New York walioona kwamba damu ya panya waliochokozwa kwa bakteria ina kitu kinachoua uvimbe wa saratani. Iliyoniingiza mimi katika habari hii ni kazi ya mwaka 1987. Georges Grau na wenzake waliwaambukiza panya vimelea vya Plasmodium berghei, wakawadunga kingamwili za kuzuia TNF, na panya hao wakakingwa na malaria ya ubongo. Miaka miwili baadaye vipimo vya damu vya watoto wa Malawi wenye malaria kali vilionyesha TNF imepanda, na ilipanda zaidi kwa waliofariki. Ukisoma hayo mawili kwa mfuatano unaona kana kwamba njia imeshafunguka.

Tulitaka kuona TNF inafanya nini kwa seli za mishipa ya damu ya ubongo, na seli zetu zilikuwa za panya. Msimamizi wangu alikataa katakata tutumie TNF ya binadamu iliyokuwa tayari kwenye friza. Alikuwa na sababu nzito: TNF hupokelewa na vipokezi viwili, na ile ya binadamu ikiwekwa kwa seli za panya hushika kimoja tu. Ungepata jibu nusu bila kujua kwamba ni nusu. Kwa hiyo tukaagiza ya panya, tukangoja.

Siku hiyo niliiyeyusha kwa maji ya chumvi safi yenye albumini kidogo, mikrolita 100. Haitikiswi kwa nguvu. Unaivuta na kuirudisha kwa pipeti, polepole, bila kutoa povu. Kisha nikaanza kuigawa kwenye mirija midogo, mikrolita 5 kila mmoja, kwa sababu protini hii haipendi kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Kila ukiirudia inapungua nguvu. Unatoa mrija mmoja, unautumia, yanaisha.

Nilikuwa katikati ya kugawa stima ikapotea.

Kwa kawaida jenereta ya pale ilishika baada ya muda mfupi. Siku hiyo ilikohoa ikanyamaza. Friza la baridi kali likaanza kulia, namba kwenye kioo chake zikaanza kupanda. Fundi alisema kuna kipuri kinachotakiwa, na duka la kipuri limefungwa kwa kuwa ni Jumamosi jioni. Kuiweka mirija kwenye friza linalopata joto ilikuwa kuitesa: igande nusu, iyeyuke, igande tena. Karatasi ilisema ikishayeyushwa inaweza kukaa siku kadhaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kwa hiyo haikuhitaji friza usiku huo, ilihitaji barafu tu. Lakini mashine ya barafu nayo ilikuwa imezima, na ndoo yangu ilikuwa imeshakuwa nusu maji.

Mwenzangu ndiye aliyesema, "Si kuna kina mama wa samaki Dunga?"

Nilipanda boda kwenda Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria, boksi la barafu mapajani, mirija ikiwa imesimamishwa ndani katika mabaki ya ndoo. Mvua ilikuwa imekatika na barabara ilikuwa na madimbwi. Nilimwomba kijana wa boda aende taratibu. Alipouliza nimebeba nini nikamwambia ni kitu cha hospitali, na kuanzia hapo aliendesha kwa adabu ambayo sijaiona tena kwa mwendesha boda wa Kisumu.

Ufuoni wachuuzi walikuwa wakifunga siku. Mama mmoja wa makamo, mikono imejaa magamba, alikuwa anapanga mbuta kwenye kasha kubwa lililofunikwa gunia, na chini ya gunia kulikuwa na barafu. Nilimwamkia, nikamweleza shida. Alifunua boksi langu, akachungulia.

"Nyathina, mwanangu, vitu vidogo hivi ndivyo vinataka barafu yangu?"

"Ndiyo, mama. Nitalipa."

"Ni dawa?"

Nilimwambia si dawa. Nikamwambia ni kitu ambacho mwili wenyewe hutoa mtoto akishikwa na malaria kali, na kwamba tunakiogopa kwa ajili ya ubongo. Pale karibu palikuwa na mtumbwi uliovutwa nchi kavu, nikauonyesha. "Mishipa ya ubongo imejengwa kama huo, mama. Seli zimebanana kama mbao zilizotiwa kalafati, maji hayapenyi. Hiki kitu kikizidi, kalafati inalegea."

Aliacha samaki. Akasema mjukuu wake malaria ilimpanda kichwani mwaka uliotangulia. Amepona, anacheza, anakula, lakini shuleni herufi zinamkimbia. Anaisoma leo, kesho haijui. Mwalimu anadhani ni mvivu.

"Basi kizimeni," akasema. "Kama mnajua ndicho, mnangoja nini?"

Hilo lilikuwa swali langu mwenyewe la miaka yote, na nilikuwa na jibu lake, jibu ambalo sikulipenda. Nilimweleza kwamba Gambia walijaribu. Watoto zaidi ya 600 wenye malaria ya ubongo, nusu hivi walipewa kingamwili ya kuzuia TNF pamoja na dawa ya malaria, na matokeo yalitoka mwaka 1996. Vifo havikupungua. Na waliobaki na ulemavu wa neva walikuwa wengi zaidi katika kundi lililopewa kingamwili.

"Wengi zaidi?"

"Wengi zaidi, mama. Hata ubongo wenye afya hutumia TNF kidogo. Kuna seli zinazozilea seli za neva, hizo huitoa, na neva husikilizana vizuri zaidi." Hilo lilionyeshwa mwaka 2002, nami nilikuwa nimelisoma mara nyingi nikitafuta mahali pa kulishika.

Alijaza boksi langu barafu kwa bakuli, akiipanga pembezoni ili mirija isizame. Alifanya hivyo kwa uangalifu wa mtu ambaye maisha yake yote yanategemea kitu kisiharibike kabla ya asubuhi. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kwa hivyo kuna saa kinasaidia na saa kinageuka. Hiyo saa mmeitafuta?"

Hatukuwa tumeitafuta. Mpango wetu ulioandikwa na kupitishwa ulikuwa kuziwekea seli TNF na kuzipima baada ya saa 24, basi. Alikataa pesa. Nilimwachia hata hivyo chini ya gunia, nadhani aliziona.

Stima ilirudi usiku, saa tano na kitu. Kiangulio cha seli kilikuwa hakijapoa sana kwa kuwa hakuna aliyefungua mlango wake, na mirija ilikuwa baridi vile vile ilivyotoka Dunga. Baada ya kuhakikisha seli ziko hai, nilimpigia msimamizi simu Jumapili asubuhi, nikamwomba tubadilishe mpango: tupime baada ya saa 2, saa 6, saa 12, na ndipo saa 24. Alinyamaza kidogo, akauliza wazo limetoka wapi. Nilimwambia. Akasema seli zipo za kutosha, niendelee.

Kiasi tulichotumia kilikuwa nanogramu 10 kwa mililita. Mikrolita moja ya ule mrija ndani ya mililita 10 za chakula cha seli inatosha kufika hapo, jambo ambalo bado hunishangaza. Baada ya saa 2 sikuona tofauti yoyote kwenye hadubini. Kufikia saa 6 protini ya kunatia, ICAM-1, ilikuwa imeongezeka juu ya seli, lakini rangi tuliyoiweka upande mmoja wa tabaka la seli ilikuwa bado haivuji sana kwenda upande wa pili. Saa 24 seli zilikuwa zimerefuka na kuachana, na rangi ilipita. Kati ya kuitikia na kuvuja palikuwa na pengo la saa kadhaa, na kwa mpango wa kwanza tusingeliona kabisa.

Msimamizi wangu aliyakagua yale majedwali akiwa amesimama, kalamu mdomoni. Alitaka kujua mirija mingapi imebaki, na kama tunaweza kuiondoa TNF baada ya saa 6 ili tuone seli zitajirudi au la. Mirija ilikuwepo. Tulianza Jumatano.