Mwanza hadi Bukoba kwa ndege: kilomita 174, lakini si dakika 20

Kwa barabara, Mwanza na Bukoba ni safari ya kulizunguka Ziwa Victoria. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko, lakini kupitia Geita na Muleba bado unatembea zaidi ya mara mbili ya umbali wa angani. Ndege inakata maji moja kwa moja.

Umbali huo unaweza kuupiga kwa kikokotoo cha simu. Uwanja wa Mwanza uko nyuzi 2.44 kusini na 32.93 mashariki; wa Bukoba 1.33 kusini na 31.82 mashariki. Tofauti ni 1.11 kila upande. Huku karibu na ikweta nyuzi moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo unapata 123 kwenda kaskazini na 123 kwenda magharibi. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 174. Kwa rubani hizo ni maili 94 za baharini, uelekeo kaskazini-magharibi kamili.

Wengi hukosea kwenye muda. ATR 42, ndege ya pangaboi, hufika takriban kilomita 550 kwa saa, na ukigawanya unapata dakika 19. Mwendo huo ni wa ndege iliyokwisha kupanda na kutulia. Kwenye safari fupi hivi, ikimaliza kupanda inakaribia kuanza kushuka. Ongeza kutambaa uwanjani Mwanza na kujipanga kutua. Weka dakika 40 tangu mlango ufungwe.

Kinachoharibu ratiba zaidi ni asubuhi ya Bukoba. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, upepo wa pande zote huelekea majini, hewa inakutana katikati na kupanda, radi zinaanza. Kukicha, upepo wa mashariki husukuma mawingu hayo hadi pwani ya Bukoba. Machi hadi Mei ndiyo miezi mibaya zaidi.

Na njia ya kurukia ya Bukoba ni fupi, ncha yake moja iko kwenye ufukwe. Anayetokea Mwanza anaikuta karibu imenyooka mbele yake, lakini hatua za mwisho zote ziko juu ya maji, na rubani lazima aione njia kwa macho. Ajali ya tarehe 6 Novemba 2022, iliyoua watu 19, ilitokea hapo hapo, asubuhi, hali ya hewa ikiwa mbaya. Kwa hiyo ndege ikizunguka hewani au ikirudi Mwanza, usimlaumu rubani. Amefanya sawasawa.

Ukiwa na basi la kuunganisha kwenda Kyaka au Mutukula, acha nafasi ya saa tatu. Kukiwa na ndege ya mchana, chukua hiyo.