Mama wa Mwanjelwa aliponiuliza, "Wangapi?"

Tovuti yangu ni ndogo: bei za viazi, maharage na parachichi za Uyole, Tukuyu na Mbalizi, ninazozipandisha kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Miaka miwili sikujali nani anasoma. Kisha mama mmoja mwenye duka la pembejeo Mwanjelwa akataka kuweka tangazo. "Mwanangu, kwa mwezi wanaingia wangapi?"

Nikafungua AWStats, programu inayohesabu wageni kwa kusoma kumbukumbu za seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Hiti 212,000! Bahati nzuri sikumpigia simu papo hapo, maana hiti ni kila faili ambalo seva imetoa. Ukurasa wenye picha 14 unaandikwa mara 15 au zaidi hata kama aliyeufungua ni mtu mmoja. Chini yake palikuwa na wageni 9,400. Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wageni, mwezi uleule, ikasema 2,900. Sasa nimwambie ipi?

Jioni tatu nilikaa na logi ya seva yenyewe, orodha ya kila ombi lililofika. Roboti wanaozunguka kusoma tovuti, kama Googlebot na AhrefsBot, walijitambulisha kwa majina, hao AWStats huwatenga. Shida ni wale wanaojifanya kivinjari cha Chrome, halafu wanaomba wp-login.php, ukurasa wa kuingilia wa tovuti za WordPress, usiku wa manane wakati tovuti yangu haijawahi kutumia WordPress. Mkulima wa mpunga Igurusi hana haja na wp-login.php. Tena, mtu akibandika kiungo WhatsApp, programu inakuja kuchukua kichwa cha habari na picha kabla hajabonyeza mtu yeyote. Na mgeni mwaminifu kuliko wote nilikuwa mimi: nikipandisha bei naikagua kwenye kompyuta, kisha kwenye simu. Kwa Analytics mimi ni watu wawili.

Nikadhani basi, nikishawafagia hao, zile 2,900 ndizo ukweli. Hapana. Analytics humhesabu mtu pale tu msimbo wake, maagizo mafupi yaliyomo kwenye ukurasa, unapofanya kazi kwenye simu ya mtu huyo. Kule Busokelo mtandao ukisuasua, mtu anaona bei, anafunga, msimbo bado uko njiani. Aliyeweka kizuia matangazo naye mara nyingi haonekani. AWStats inamtambua mgeni kwa anwani ya IP, namba ya muunganisho wake wa mtandao, na kampuni za simu hupitisha wateja wengi kwenye anwani moja, kesho mteja yuleyule anatokea kwenye nyingine. Kumi wanakuwa mmoja, mmoja anakuwa watatu. Ukikutana na anayekwambia ana wasomaji 8,347 kamili, muulize alihesabu kwa kutumia nini.

Nikaenda dukani. "Shikamoo mama. Namba ya kuapia sina. Nadhani ni kati ya 2,500 na 4,000." Akanitazama kama ninayemuuzia mbegu za mwaka juzi.

Nikamwomba tujaribu mwezi mmoja kwa bei nafuu. Kwenye tangazo tuliandika kwamba atakayefika kaunta na kusema "bei ya leo" atapunguziwa shilingi 500 kwa kila mfuko wa mbegu. Binti wa kaunta akawa anachora kijiti kwenye daftari kila neno hilo likitajwa, na pembeni anaandika mteja aliliona wapi. Kazi ya kizamani, lakini hakuna roboti anayepanda bajaji hadi Mwanjelwa kudai punguzo.

Mwisho wa mwezi vilikuwa vijiti 41. Kilichonishangaza ni maandishi ya pembeni: 17 kati yao hawakuwahi kufungua tovuti yangu. Kuna mtu kwenye kundi la wauza viazi hupiga picha ya skrini kila asubuhi na kuirusha WhatsApp. Bei zangu zinafika hadi Makambako hivyo, na tangazo la mama likiwa ndani ya picha. Logi haiwajui, Analytics haiwajui.

Mama akahesabu vijiti mwenyewe mara mbili, akalipa miezi mitatu. Sharti lake moja tu: tangazo lipande juu kabisa, karibu na bei ya viazi, mpiga picha asije akalikata.