Chinatown ya Singapore: anzia Telok Ayer, malizia Pagoda Street

Wageni wengi huingia Chinatown ya Singapore wakitokea kituo cha treni cha Chinatown, mlango A, na kujikuta papo hapo Pagoda Street. Wanakutana na vibanda vya fulana na mapambo ya friji, wanapiga picha taa nyekundu, na baada ya saa moja wameshaondoka. Mtaa wenyewe hawajauona. Shuka kituo cha Telok Ayer kwenye reli ya Downtown, anzia pale wahamiaji walipoanzia, na Pagoda Street iwe ya mwisho. Mwendo wote haufiki kilomita mbili, ila tenga asubuhi nzima na uanze kabla ya saa tatu, jua halijawa kali. Kwenye treni, kadi ya benki ya kugusa inatosha: gusa unapoingia na unapotoka, na utumie kadi ileile, la sivyo utakatwa nauli isiyo sahihi.

Leo Telok Ayer Street imezungukwa na maghorofa ya ofisi, lakini hapa palikuwa ufukweni. Bahari ilianza kufukiwa mwishoni mwa karne ya 19, na maji yakasogezwa mbali. Ukilijua hilo, majengo ya mtaa huu yanaeleweka: kila jamii iliyoshuka melini ilijenga mahali pa kushukuru kwa kufika salama. Fuk Tak Chi, hekalu la Wahakka na Wakantoni, jamii mbili za Wachina, lililoanza mwaka 1824, sasa ni makumbusho madogo. Ndani mna mfano wa mtaa ulivyokuwa zamani. Hatua chache mbele ni Nagore Dargah, iliyojengwa kati ya 1828 na 1830 na Waislamu wa India Kusini kwa kumbukumbu ya walii Shahul Hamid wa Nagore. Mbele zaidi upo Msikiti wa Al-Abrar. Yote hayo yako kwenye mtaa mmoja wa Kichina, na ndivyo palivyokuwa tangu mwanzo: mpango wa mji wa Stamford Raffles, Mwingereza mwanzilishi wa koloni, wa 1822 uliwatengea Wachina eneo la kusini-magharibi mwa Mto Singapore, lakini majirani hawakukosekana.

Kati ya Nagore Dargah na Al-Abrar lipo hekalu la Thian Hock Keng, na hapa usiwe na haraka. Wahokkien, jamii nyingine ya Wachina, walilijenga kati ya 1839 na 1842 kwa ajili ya Mazu, mungu wa kike anayelinda wasafiri wa baharini. Mbao zake zimeunganishwa bila misumari. Kabla hujaingia, rudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara utazame paa. Majoka yaliyo juu ya mgongo wa paa hayakupakwa rangi tu; yamefunikwa vipande vya kauri vilivyokatwa kimoja kimoja na kupachikwa kama magamba, na jua la asubuhi likiyapiga utaona kila kipande kinavyong'aa. Ukiingia, ruka kizingiti, usikikanyage. Usisimame kati ya mtu anayesali na madhabahu, na simu iwe kimya. Ukitoka, zunguka nyuma upande wa Amoy Street: kuna mchoro wa ukutani wa mita 44 wa msanii Yip Yew Chong unaoonyesha safari na kazi za Wahokkien wa mwanzo. Usomeke kuanzia kulia kwenda kushoto.

Kutoka Amoy Street panda ngazi za Ann Siang Hill Park, ushukie Club Street au Ann Siang Road hadi South Bridge Road. Njiani angalia nyumba za maduka. Ni nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma. Ghorofa ya chini biashara, juu makazi, na katikati pana uwazi usio na paa wa kuingiza hewa na mwanga. Baraza iliyofunikwa mbele ya kila nyumba ilitakiwa na mpango uleule wa 1822, ili mtu atembee bila kuloa wala kuchomwa na jua. Inasaidia sana mvua inapoanguka ghafla, lakini sakafu hubadilika kimo kutoka nyumba hadi nyumba, tena vigae vikiloa huteleza. Vaa viatu bapa vinavyoshika chini, vinavyovuliwa upesi.

Kuvua viatu kunakuja mara tu ukifika Sri Mariamman, hekalu la Kihindu lililoanzishwa na Naraina Pillai mwaka 1827. Jitahidi ufike kabla ya saa tano na nusu, kwa sababu adhuhuri hufungwa na kufunguliwa tena jioni. Sababu nyingine ni kwamba sehemu ya uwanja wake haina kivuli, na mchana sakafu huunguza nyayo. Pembeni upo Msikiti wa Jamae, wa 1826. Msikiti huu na hekalu hilo ndivyo vilivyozaa majina ya Mosque Street, Temple Street na Pagoda Street. Ukitaka Hekalu la Jino la Buddha lililo mbele kidogo upande uleule wa barabara, funika mabega na magoti. Watu hulidhani la kale sana, lilifunguliwa 2007. Bustani ya juu ya paa ndiyo sehemu yake tulivu kuliko zote.

Jirani yake ni Sago Lane. Zamani palikuwa na nyumba za kusubiria kifo: vibarua na wajakazi waliopanga vitanda kwenye vyumba vilivyojaa watu hawakuwa na mahali pa kufia, na wenye nyumba waliogopa nuksi. Zilipigwa marufuku mwaka 1961. Pita hapo kwa heshima.

Sasa kula. Wauza chakula waliokuwa barabarani walihamishiwa Chinatown Complex, Smith Street, mwaka 1983. Jengo halivutii hata kidogo kwa nje, na kwa maoni yangu ndilo lililobeba uhai wa mtaa, kwani nyumba za zamani zilipoanza kulindwa kisheria mwaka 1989 wakazi wengi walikuwa wameshahamia kwingine. Ghorofa ya pili ina vibanda zaidi ya 200; chini kabisa ni soko la samaki, nyama na mboga, ambalo kufikia mchana limeshakwisha. Jumatatu vibanda vingi hufungwa. Beba noti ndogo, maana wazee wengi hawapokei kadi ya kigeni. Meza yenye pakiti ya tishu juu yake imeshachukuliwa, hata kama haina mtu. Ukimaliza, rudisha sinia na vyombo mwenyewe. Tangu 2021 ni sheria, na kuna faini.

Kahawa iagize kwa jina lake. Kopi huja na maziwa mazito ya kopo, nayo ni tamu sana. Kopi O ni ya rangi yenye sukari, Kopi C ina maziwa ya kopo yasiyo na sukari pamoja na sukari ya kuongeza. Ukitaka sukari ipungue ongeza siew dai, isiwepo kabisa sema kosong, na peng ni ya barafu. Maneno hayo hufuatana: Kopi C siew dai peng. Usiipandishe kwenye treni, kwani kula na kunywa humo kunatozwa faini.

Ukipanga kwenda Mwaka Mpya wa Kichina, nenda wiki mbili au tatu kabla ya sikukuu. Hapo ndipo mitaa ya Pagoda na Trengganu hujaa soko la usiku, na taa huwashwa Eu Tong Sen Street na New Bridge Road. Siku mbili za kwanza za mwaka wenyewe vibanda vingi vya chakula hufungwa, na wenye navyo wako kwa ndugu zao.