Siku Moja kwenye Mabwawa ya Majitaka, Nyahururu

Saa 12 asubuhi. Nyahururu iko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, jirani kabisa na ikweta, na Julai hii tunaingia kazini na makoti mazito. Kabla ya kupima chochote, nanusa. Usiku mwani, ile mimea midogo ya kijani ya majini, haupati jua, kwa hiyo hautoi oksijeni bali unaitumia, na alfajiri maji huwa yamechoka. Harufu ya mayai viza ikizidi ile niliyoizoea, najua bwawa limeelemewa.

Saa 1. Tunashika reki na kwenda kwenye chujio la vyuma, mahali majitaka ya mji yanapoingilia. Leo tumetoa nepi, sodo, magunzi ya mahindi, na bonge la nywele za bandia lililojisokota kwenye vyuma hata mwenzangu akalikata kwa kisu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 hiyo imepungua, lakini nepi zimeshika nafasi yake. Ndugu zangu, nepi haiozi humu. Itupeni kwenye taka.

Saa 3. Gari la kunyonya vyoo linafika langoni.

"Habari ya asubuhi, madam."

"Njema. Mzigo wa wapi leo?"

"Shule ya bweni."

Namwambia afungulie kidogo kwanza. Nikiona utando wa mafuta unaong'aa juu, gari linarudi, maana mafuta ya gereji yanaua bakteria tunaowategemea. Mzigo huu ni safi kwa kiwango chetu, napokea. Afadhali nimpokee yeyote mwenye mzigo halali kuliko aende kuumwaga mtoni usiku.

Saa 5. Napima oksijeni. Kwanza lazima kipimo kiwekwe sawa na hewa ya huku. Maji ya nyuzi 20 kwenye usawa wa bahari hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Hapa kwetu hata 7 hayafiki vizuri, kwa sababu hewa ni nyepesi. Ongeza baridi: chini ya nyuzi 10 bakteria wanaokula tope chini ya bwawa karibu wanalala. Ndiyo maana tope hujaa haraka na mabwawa ya nyanda za juu yanahitaji nafasi kubwa na siku nyingi zaidi. Anayechora mabwawa ya hapa kwa vipimo vya mji wa joto anatuachia shida ya miaka.

Wageni huniuliza mbona hatuweki mashine za kuvuruga maji ili yapate oksijeni. Zinakula umeme usiku na mchana, na kwenye hewa nyepesi zinafanya kazi zaidi kwa oksijeni ileile. Mimi pesa hizo ningezitumia kuondoa tope kwa wakati. Bwawa lililojaa tope ni bwawa kwa jina tu.

Chakula, kisha kufyeka nyasi za kingo ili mbu wasizaliane.

Saa 8 mchana. Jua la mlimani linachoma kweli, na hapo ndipo mwinuko unatulipa. Bwawa la mwisho ni la kina kifupi, kama mita moja, mwanga unapenya. Mwani unafanya kazi, maji yanageuka ya kijani kibichi, pH (kipimo cha asidi na alkali) inapanda kupita 9, na mionzi inaua vijidudu vya kinyesi bila tone la klorini. Oksijeni iliyokuwa karibu sifuri alfajiri sasa imepita kiwango ambacho maji hushika kwa kawaida. Nikiona hivyo nafurahi.

Saa 10. Nachota sampuli kwenye mdomo wa kutokea. Mito ya huku huingia Ewaso Narok, unaoanguka mita 74 pale Thomson's Falls kisha kuelekea Rumuruti, ambako watu wanamwagilia mboga na kunywesha ng'ombe. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo: BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria hutumia kula uchafu uliobaki majini, isizidi miligramu 30 kwa lita, na E. coli, bakteria wa kinyesi, isiwepo kabisa. Chupa za BOD zinaingia kwenye kabati la nyuzi 20 kwa siku tano. Leo Jumatano; Jumatatu nitasoma.