Nilivyonunua vifaa vya kuanzia ufundi wa marekebisho ya nyumba

Kabla ya kwenda Gerezani, Kariakoo, niliandika kwenye karatasi kazi ambazo wapangaji na wenye nyumba humwitia fundi kila siku: koki inayovuja, kitasa kilicholegea, fimbo ya pazia, soketi iliyoungua, floti ya tangi la choo. Kifaa ambacho hakikugusa walau kazi mbili kati ya hizo nilikiacha dukani. Grenda na mashine ya kukatia vigae nazikodi siku ya kazi, na gharama yake inaingia kwenye hesabu ninayompa mteja.

Pesa nyingi ilikwenda kwenye drili, na sababu ni fimbo ya pazia. Hufungwa juu ya dirisha, na juu ya dirisha ndipo ilipo lenta, zege lenye nondo. Drili ya kawaida yenye nyundo inatoboa tofali la saruji vizuri tu, lakini kwenye lenta itapiga kelele mpaka ncha ya biti igeuke bluu na shimo halijafika sentimita mbili. Nikachukua ya SDS-plus, aina ya drili ya kutobolea zege, ya wati 800. Hii ina pistoni ndani inayopiga yenyewe, kwa hiyo usiikandamize, ishike tu isiyumbe. Biti za milimita 6, 8 na 10 zinatosha kuanzia. Kwa fisha (kiplastiki kinachoingia shimoni kushika skrubu) ya milimita 8 toboa kwa biti ya 8, kina kizidi urefu wa fisha kwa milimita 10 hivi, halafu toa vumbi lote. Vumbi likibaki, fisha inagoma katikati, ukiigonga inajikunja, na pazia litang'oka. Biti ikikutana na nondo, sogeza shimo. Biti ya zege haikati chuma.

Spana za bomba ni mbili, si moja. Moja inashika kiungo, nyingine inazungusha koki. Ukitumia moja, nguvu yote inakwenda kwenye kiwiko kilichofukiwa ukutani, na koki ya kubadilisha kwa dakika kumi inakuwa kazi ya kuvunja ukuta. Spana malaya niliichagua kwa kufungua taya kidogo na kulitikisa: likicheza sana, litalamba kona za nati.

Pima maji ijaribu hapo hapo kaunta. Iweke, tazama kiputo kiliposimama, kisha igeuze kichwa kiende ulikokuwa mkia, pale pale. Kiputo kikihama, rudisha. Tepu nayo ina kindoano kinachocheza kidogo mbele na nyuma. Huo si ubovu; mchezo huo ni unene wa kindoano chenyewe, ili kipimo kiwe sawa ukivuta au ukisukuma. Usikigonge kikakaza.

Kwenye bisibisi sikubani pesa. Ya nyota namba 2 ndiyo inayofanya kazi nyingi, na ncha laini ikiteleza mara tatu inakula kichwa cha skrubu. Hapo kitasa cha mteja hakitoki tena bila kutoboa.

Umeme nagusa soketi, swichi na taa tu; kutandaza nyaya ni kazi ya mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Hata hivyo testa ya bisibisi peke yake haitoshi, nunua mita. Ipime kwanza kwenye soketi yenye umeme, kisha pale unapotaka kufanyia kazi baada ya kuzima, kisha rudi kwenye ile yenye umeme uhakikishe mita haijafa katikati. Waya mwekundu wa mita usiwe kwenye tundu la ampea unapopima volti, utapiga shoti.

Mashine ya kuchomea mabomba ya PPR, yaani ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, niliinunua mwisho, kwa fedha ya kazi za mwanzo. Weka nyuzi 260. Bomba la milimita 20 lipashe sekunde 5, la 25 sekunde 7. Ukizidisha, plastiki inayeyuka kuelekea ndani na kuziba njia. Maji yatapita, ila yatatoka bafuni kwa unyonge na mteja atalaumu tangi. Vinu vyake, vile vichwa vya moto vinavyoyeyusha bomba, vipanguse kwa kitambaa vikiwa bado vya moto. Kisu kinachuna utando wa juu, na baada ya hapo kila bomba litanata.